Zimwi Nalo Lina Mama Yake

Kumpa zimwi nafasi ya kusimulia ni raha sana kwa kurasa mbili tatu za mwanzo, baada ya hapo ndo unaanza kujikuna kichwa. Mi nina muda kidogo sasa nasimulia hadithi za mazimwi, hapa Mtwara mjini kwenye kibaraza cha duka langu la steshenari na kule Lindi vijijini nyumbani kwa kina bibi, na iliyonisumbua kuliko zote wala sio ya kwetu, ni ya wazungu wa zamani kabisa, ile ya Beowulf. Naandika haya maana naona watu wengi siku hizi wanapenda kuzigeuza hadithi, shujaa anakuwa mbaya, mbaya anakuwa mzuri, basi imeisha hiyo. Haiishi bana.

Kwa ambao hawaijui niipitie haraka. Ni shairi refu la Kiingereza cha kale, mistari 3,182, aliyelitunga hajulikani, na nakala ya mkono iliyobaki ni moja tu duniani, iliandikwa kama miaka elfu moja iliyopita, ikanusurika kwenye moto London mwaka 1731, kingo zikababuka ila inasomeka, ipo British Library mpaka leo. Lakini stori yenyewe haipo Uingereza, ipo Denmark. Mfalme Hrothgar kajenga ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote, unaitwa Heorot, kila siku watu wanakula wanakunywa, mwimbaji anapiga kinubi anaimba jinsi Mungu alivyoumba dunia. Huko nje kwenye giza na mabwawa kuna kiumbe anaitwa Grendel, shairi linasema ni uzao wa Kaini, yaani Kabili kama tulivyofundishwa madrasa, yule aliyemuua mdogo wake, na huyu kiumbe anazisikia hizo raha kila siku na zinamuuma. Usiku mmoja akaja akabeba watu 30. Kesho yake akarudi tena. Miaka 12 ukumbi haulaliki. Ndo anakuja kijana anaitwa Beowulf, wa kabila la Wageat, kusini mwa Uswidi ya sasa hivi, anapambana na Grendel mikono mitupu, anamng'oa mkono kutoka begani, Grendel anakimbia kwenda kufia kwao na mkono unatundikwa ukumbini juu. Alafu usiku unaofuata anakuja mama yake.

Mi niliikuta chuoni wakati nasomea ualimu, fotokopi ya tafsiri imefifia mpaka kurasa nyingine unabahatisha. Kilichonishika ni kwamba kwenye mistari yote hiyo Grendel hasemi hata neno moja. Beowulf anaongea mpaka anachosha, mfalme anahutubia, hata mlinzi wa pwani aliyewakuta wanashuka kwenye jahazi kapewa hotuba yake, ila Grendel hana. Mlio wake unaosikika ni ule wa siku anapokamatwa, na shairi linauita wimbo, wimbo wa mtu aliyeshindwa. Nikasema huyu ana maneno yake, hakuna tu aliyemuuliza.

Sasa toleo langu la kwanza nililisimulia kwa watoto wa hapa mtaani, wale wanaosubiri mama zao wafunge biashara sokoni, jioni wanajaa kibarazani wanakaa kwenye makatoni ya karatasi. Mitaa yetu mnaijua, wikiendi spika zinafungwa tangu alasiri mpaka usiku wa manane na kukiwa na harusi mbili ndo hamna anayesikia hata wimbo wa mmoja. Nikaanza, "Naitwa Grendel na sijalala. Jirani yangu kajenga ukumbi." Weee, walikufa kwa kicheko. Wanamjua huyo mtu, wana babu zao hawalali. Grendel wangu alikuwa mzee wa watu, yupo na mama yake bwawani, anataka utulivu tu, anaenda kuongea nao kistaarabu wanamrushia mifupa. Ile kubeba watu nikaipitia juu juu, kama sentensi moja hivi. Ilipofika Beowulf anajifanya kalala watoto wakaanza kumpigia Grendel kelele kimbia, kimbia, na mmoja alilia kabisa mkono ulipong'oka, mama yake akaniuliza kesho yake nimemfanya nini mwanae.

Kwa watoto ile inatosha na mpaka leo nawapa hiyohiyo, sina shida nayo.

Nikaja kwenda Lindi. Kijiji sitakitaja ila ni huko vijijini bara, mashamba ya ufuta na muhogo na mtama, ni upande wa baba ndo kwao, nilienda kipindi cha mavuno kusaidia. Mtu wa mjini ukifika usiku wanataka habari na ukishamaliza habari wanataka stori. Nyumba ya shangazi ina baraza refu, wakaja wanawake kama kawaida na karanga zao za kubangua, wazee wawili watatu wakavuta viti upande ule, vijana wamesimama kwenye pikipiki wanajifanya hawasikilizi. Nikawapiga ileile. Paukwa, pakawa, naitwa Grendel na sijalala, jirani yangu kajenga ukumbi. Walicheka kidogo mwanzoni. Nikaendelea na Grendel wangu mpole. Kadri ninavyoendelea naona zile karanga zinabanguliwa kwa kasi na hakuna anayeniangalia usoni.

Ni kitu nilitakiwa nikizingatie kabla sijafungua mdomo ila mtu ukizaliwa kwenye jambo unaacha kuliona. Huku simba wamekula watu. Sio hadithi, watafiti wameshalihesabu, kati ya 1990 na 2004 Tanzania nzima simba waliua watu zaidi ya 560, na Lindi ni kati ya sehemu zilizoumia zaidi, na wengi walichukuliwa msimu wa mavuno maana ndo kipindi watu wanalala shambani. Ipo hivi, mazao yakikomaa nguruwe pori wanakuja usiku, muhogo wanachimba, mahindi wanaangusha, kwahiyo familia zinahamia shamba, mnajenga dungu, kile kibanda cha miti kimeinuliwa juu, wengine wanalala chini kabisa kwenye kibanda cha makuti, mnapiga madebe usiku kucha kufukuza nguruwe. Simba yeye anafuata nguruwe. Akifika anakuta na nyie mpo. Ukiuliza wazee watakwambia mengine pia, kwamba wapo simba wa kawaida na wapo wa kutumwa, mtu anakutengenezea simba kwa sababu ya ugomvi wa shamba au urithi, na hilo nalo limeshaua watu maana anayehisiwa katuma simba naye usalama wake unakuwa mdogo. Mi nimelala dungu nikiwa mdogo. Nakumbuka zaidi usingizi kuliko woga, na harufu ya moshi kwenye kanga.

Sasa mbele ya watu hao mi nimekaa naleta zimwi ambalo halijalala.

Nilipofika pale Grendel anaenda ukumbini, bibi mmoja akanikatisha. Sio bibi yangu wa damu, ni shoga yake bibi, mtu mzima sana, mtoto wake wa kiume alichukuliwa na simba zamani mimi bado sijazaliwa, kila mtu anajua na hakuna anayeongelea. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, hao watu 30, walikuwa wanaitwa nani?"

Nikamwambia bibi hawajatajwa.

"Hawajatajwa na nani, na wewe au na wenye hadithi?"

Na wenye hadithi, bibi. Akasema haya, endelea. Nikaendelea lakini ile stori ilikuwa imeshavunjika miguu, nikaifupisha, watu wakaaga, usiku mwema, usiku mwema.

Nikarudi Mtwara nikaitafuta ile fotokopi, nikaisoma upya natafuta hilo moja tu, majina ya walioliwa. Na humo ndo nilikuta mambo ambayo chuoni nilipita nayo mbio kwa ajili ya mtihani. Wale 30 kweli hawana majina, wanahesabiwa tu. Usiku wa pambano lenyewe, Grendel anapoingia Heorot na Beowulf kalala jicho moja, kuna kijana mmoja wa Beowulf analiwa kwanza, mbele ya bosi wake anayetazama, anakunywewa damu na kumezwa na nyayo na viganja vyote, na shairi halisemi ni nani. Asubuhi shangwe. Baadae kidogo kwenye karamu Hrothgar anagawa zawadi, anaagiza dhahabu itolewe kama fidia ya yule aliyeliwa, na bado hatajwi. Mistari zaidi ya 1,300 inapita tangu aliwe, Beowulf kasharudi kwao, anamsimulia mfalme wake mambo yalivyokuwa, ndo hapo kama kitu kidogo tu anatamka kwamba wa kwanza kuuawa alikuwa Hondscio. Yaani malipo yalitangulia, jina likafata baadae.

Na fidia yenyewe sio jambo dogo humo ndani. Moja ya malalamiko makubwa ya Wadenish dhidi ya Grendel ni kwamba anaua na hataki kulipa. Kwao ukimuua mtu unakaa chini na ndugu zake mnapatana, unatoa mali, yanaisha, na huyu hataki suluhu na yeyote wala hatoi hata kitu. Nilipolisoma hilo nikaona kabisa mabaraza yetu. Huku nako mnyama akiua kuna kifuta machozi cha serikali, kanuni zake zipo tangu 2011, na jina lenyewe linasema ukweli wake, hawalipi mtu, wanafuta machozi. Na simba hatoi chochote. Hakuna wa kukaa naye kikao.

Kwahiyo nikakaa na daftari na swali la bibi. Ukimpa zimwi mdomo anaanza kujitetea, hawezi kuacha, na akijitetea vizuri wewe unayesikiliza unamwonea huruma, na huruma ina kiasi chake, ikienda kwa zimwi inatoka kwa mtu mwingine. Haitoki kwa shujaa. Shujaa yeye ana mistari elfu tatu, hata ukimnyang'anya mia tano hapungui. Inatoka kwa wale walioliwa ambao hata kwenye hadithi ya shujaa walikuwa hawana kitu. Upande wa shujaa ni idadi, upande wa zimwi ni chakula. Nimeona watu wengi wanageuza hadithi na hapo ndo wanapopita bila kupaona, wanagombania nani mbaya kati ya wawili wakubwa na wadogo wanabaki chini ya meza.

Kubuni majina 30 ya Kidenish sikutaka, yangekuwa ya uongo na bibi angejua. Nikajiuliza zimwi lenyewe linawajuaje. Limekaa gizani miaka linasikiliza ukumbi, haliwezi kuwa linasikia kelele tu, lazima linajua nani ni nani. Nikaandika hiki kipande, nakiweka kama kilivyo kwenye daftari:

"Simjui jina. Namjua kikohozi. Alikuwa analala karibu na mlango, anakohoa mara mbili alafu anatulia, na mimi kule bwawani nilishamzoea, nisipokisikia najua kasafiri. Nilipombeba alikohoa mkononi mwangu. Asubuhi nikasikia mwanamke anaita ukumbini, anaita jina lilelile, anaita, na kikohozi hakiitikii, ndipo nikajua jina ni la nani. Sasa ninalo. Nyama imekwisha na jina halijakwisha, na sikuliomba."

Toka hapo Grendel wangu akabadilika kabisa, akawa anakula na anajua anakula nini. Hajitetei. Anasema kelele zilimuuma, ni kweli zilimuuma, na anasema pia nyama ilikuwa tamu. Nikiacha hiyo sentensi ya pili naharibu kila kitu, nimejaribu kuiacha mbele ya watu nikaona macho yao. Na sauti nikaibadilisha, mwanzoni nilikuwa nakoroma kama mazimwi ya kwenye redio zamani, sasa naongea kawaida, sauti ya mtu anayekuelekeza njia, na nawaambieni inatisha zaidi.

Mara ya pili kule kijijini nikaja nayo hiyo. Nilifika kwenye kikohozi pakawa kimya kizuri, sio kile cha karanga. Nikajua nimepita. Ndo mzee mmoja upande wa viti akanyanyua fimbo kama anaomba nafasi mkutanoni, akauliza, "Samahani mwanangu, huyu zimwi mjomba wake nani?"

Watu wakacheka lakini yeye hakuwa anatania. Kwa wasiojua, sisi wa huku, Wamakonde, Wamwera, Wayao, ukoo kwa asili unakwenda kwa mama. Baba ni baba, ila mwenye neno juu yako ni kaka yake mama, ukioa ni yeye, ukigombana na mtu ni yeye atakayekwenda kukaa kikao. Siku hizi mambo yamechanganyika, dini na shule na mahakama, ila ukitaka kumjua mtu bado utasikia, mjomba wake nani. Nikawaambia shairi linasema watu wa nchi ile walikuwa wanawaona wawili kwenye mabwawa, mmoja umbo la mwanaume mmoja la mwanamke, na baba hawamjui. Wadenish wanalisema hilo kwa kuogopa, kiumbe asiye na baba. Huku kwetu hilo halikumshtua mtu, baba hajulikani basi hajulikani, mama si yupo? Ila mjomba hakuna, hapo ndo mabega yalishuka. Mzee akasema, "Ndo maana. Nani angempeleka kikaoni."

Na hapo hapo nikakumbuka kitu, nikawaambia huyu Beowulf yeye mfalme wake Hygelac, anayemrudishia zawadi zote, anayemsimulia kila kitu akirudi, ni mjomba wake kabisa, kaka wa mama. Jamani. Baraza liliruka. Chuoni hilo tulisoma kama sentensi ya kukariri, nasaba ya shujaa, koma, endelea, na huku watu wameshamaliza kesi, mmoja ana mjomba mwingine hana, wote wawili wana nguvu za kupita kiasi, mmoja katumwa kuwa shujaa mwingine kabaki porini. Sijawahi kuona mahali wameliweka hivyo na naliona ni la kweli kuliko mengi niliyoyasoma.

Alafu wakaenda mbele zaidi yangu. Shangazi ambaye ni Mmakonde wa Newala kaolewa huku akasema mbona hata sisi mwanzo wetu ni huyohuyo. Ile hadithi ya mtu wa kwanza, wengi mnaijua, kiumbe alikuwa porini peke yake, haogi, hanyoi, hajawa mtu sawasawa, akachonga mti akaupa umbo la mwanamke, usiku akausimamisha, asubuhi ukawa mwanamke kweli. Wakaenda kuoga mto Ruvuma, mtoto akazaliwa kafa. Wakasogea juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda mpaka juu uwandani kwenye vichaka, wa tatu akaishi, ndo sisi hao. Shangazi akasema, yule wa kwanza angepita karibu na ukumbi wa mfalme wangemng'oa mkono kabla hajachonga. Mi nilikuwa nafungua mdomo, sina hata cha kuongeza. Na ndo kweli, kwao kiumbe wa porini wamempa ukoo wa muuaji, kwetu tumemfanya babu. Hata midimu, wale wachezaji wa vinyago wa jando, ikitoka na sura zake za mbao mtoto anapiga kelele anakimbia na huku ni furaha ya kijiji kizima, na aliye ndani ya sura ni nani mi mwanamke sisemi, sisi hatujui.

Mkono uliotundikwa nao ulikuwa na mjadala wake. Mi nilidhani watauliza maumivu. Wao wakaingia kwenye mazishi, atazikwaje bila mkono, mama atamzika nusu? Ndo kijana mmoja wa pikipiki, wale waliojifanya hawasikilizi, akadakia kule nyuma, "Si kama mjusi wetu." Kicheko hicho. Anamaanisha yule wa Tendaguru, hapahapa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 mpaka 1913, wapagazi wakaibeba kichwani mpaka bandari ya Lindi, na leo mmoja kasimamishwa Berlin makumbusho, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13, watu wanalipa kiingilio kumwona. Na ilikuwa miaka miwili tu baada ya Majimaji, watu hata hawajapona njaa. Kijana akasema kila mfalme anapenda kutundika mguu wa dude la watu ukumbini kwake. Hiyo nimeiiba, ipo kwenye toleo langu, nimeibadilisha kidogo nimemwekea mama yake Grendel mdomoni, bila mjusi bila shaka, Denmark ya kale haina Tendaguru.

Huyo mama ndo kazi inayonichukua muda sasa hivi. Shairi halijampa hata jina, ni mama wa Grendel basi, kakaa chini ya maji yale miaka 50, na anapokuja Heorot hafanyi kama mwanae. Anachukua mtu mmoja tu. Mmoja kwa mmoja. Anamchukua Aeschere, mshauri mpenzi wa mfalme, anachukua na mkono wa mwanae pale juu, anaondoka mbio. Kwa sheria za Wadenish wenyewe huyu ndo angalau anajua hesabu, kuliko mwanae. Na bado mi namlazimisha aseme kuhusu kichwa cha Aeschere alichokiacha kando ya bwawa mpaka wenzake wakakikuta. Sijampata vizuri. Nikimwandika anakuwa mwenye busara sana, anaongea kama mwenyekiti wa kikoba, na mwanamke aliyefiwa usiku wa jana haongei hivyo.

Ila pambano lenyewe nilishalimaliza na hilo naliona limekaa. Kulikuwa na kitu kimoja kwenye shairi kinanizunguka kichwani, kwamba Beowulf alikuwa na nguvu za watu 30 kwenye kiganja chake. Thelathini. Na usiku wa kwanza Grendel alibeba watu 30. Sidhani kama mtunzi alikusudia, labda ni namba ya kusema wengi tu, ila kwa upande wa Grendel haiwezekani asiione. Kwahiyo kwangu Grendel hamjui Beowulf. Hajui jina lake, hajui kwao, hajui mjomba wake. Anaingia gizani, anamla wa mlangoni, anapeleka mkono kwa wa pili na mkono unashikwa. Anachokijua ni kile kiganja tu:

"Kimenishika, nikavuta, hakikuachia. Nikasikia kidole kimoja kinabana kwa namna ninayoijua, huyu alikuwa fundi wa kamba. Kingine kizito, huyu mnene aliyekuwa anacheka kabla ya wenzake. Katikati ya kiganja kitu kikagonga mara mbili alafu kikatulia. Nikajua wamerudi. Wote wamo humo. Sikuwa na shaka tena kwamba mkono wangu utabaki."

Nilipolisoma hilo kule barazani yule bibi alikuwepo. Nilimwangalia yeye kusema ukweli, sikuwa naangalia wengine. Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Hapo sawa." Alafu akaendelea kubangua. Nikangoja kama ataongeza kitu, na akaongeza kweli, ila sio nilichotegemea. Akasema, "Na ile dhahabu ya Hondscio, ilikwenda kwa nani?"

Shairi halisemi, bibi.

Basi hapo ndo usiku ulipoharibika. Bibi anasema dhahabu ni ya mama yake, aliyembeba. Yule mzee wa fimbo anasema hapana, inakwenda kwa wapwa, watoto wa dada zake, ndo utaratibu, mke atapata wapi wakati yeye ana kwao. Shangazi akamwambia mzee huo utaratibu ndo unatufanya tunapangana mahakamani kila mwaka, mke ndo aliyekuwa anamfulia. Wengine wakataja sheria ya dini na mafungu yake. Kijana wa pikipiki anasema dhahabu kala Beowulf, kiongozi gani anapokea pesa ya marehemu akaifikisha yote. Mi nimekaa na daftari langu wazi pale kwenye sura ya mama Grendel, nasubiri wanyamaze niendelee, na wala hawakunyamaza. Nimeshawaambia nikija tena namwandika mke wa Hondscio aje aseme mwenyewe, na mzee kanionya kabisa nisije na mke bila kuja na dada.